Watu Wanne Wanaoshikilia Droni

Haya ni maneno niliyowaambia wenzetu wanaoanza kurusha droni ndogo za kamera, tulipokutana Jumamosi. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Vicheko navyo nimeviacha, ingawa vingi vilikuwa vya haki yangu.

Ndugu zangu, na ninyi mliojibanza karibu na mlango mkidhani sitawaona: asanteni kwa kuja.

Naomba mikono juu. Nani hapa ana droni? Naam, ishusheni. Nani amewahi kuiangusha? Naona mikono mitano, na naona nyuso nyingi zilizoinama ghafla kutazama sakafu. Hakuna neno. Leo mwenye kuangusha yuko kwa wenziwe.

Niruhusuni nianzie mbali. Mwaka 1907, huko Ufaransa, ndugu wawili, Louis na Jacques Breguet, wakishirikiana na Profesa Charles Richet, waliunda chombo chenye mikono minne, na mwisho wa kila mkono wakafunga mapanga ya kuzunguka. Mtu akaketi katikati. Injini ikawashwa, mapanga yakavuma, na chombo kile kizito kikainuka. Hakikwenda mbali, majaribio ya mwanzo kilipanda kimo cha goti na kuzidi kidogo. Lakini kiliinuka, na mtu yumo ndani.

Sasa nisikilizeni hapa. Chombo kile hakikuweza kujituliza chenyewe. Kwa hiyo walisimama watu wanne, kila mmoja kwenye pembe yake, wakakishikilia kisipinduke. Hawakukiinua. Mapanga ndiyo yaliyoinua. Wao kazi yao ilikuwa kukituliza tu.

Kwa nini nawaletea habari za zaidi ya miaka mia moja? Kwa sababu wale watu wanne hawajaondoka. Wamo humu. (Hapo nilinyanyua droni yangu, ile ya gramu 249.) Wamepunguzwa tu, wakawa vidude vidogo kuliko ukucha. Wa kwanza anahisi mwinamo: droni ikilala upande, hata kidogo tu, yeye anajua, na mamia ya mara kwa sekunde moja anaziambia mota zirekebishe. Wa pili anasikiliza setilaiti na kusema tuko wapi duniani. Wa tatu ni dira, anasema pua imeelekea wapi. Wa nne ana jicho tumboni, anatazama ardhi na kusema kama tunasogea au tumetulia. Na anasaidiwa na kipima mgandamizo wa hewa kujua tumepanda kiasi gani.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Droni inapokaa hewani kama imetundikwa kwa uzi, msidhani ni utulivu. Ni ugomvi usiokwisha. Mota mbili za mshazari zinazunguka kufuata saa, mbili nyingine kinyume chake, maana zote zingezunguka upande mmoja mwili wenyewe ungegeuka kinyume kama pia. Ukitaka droni igeuke, jozi moja inaongeza kasi, nyingine inapunguza. Ukitaka iende mbele, mota za nyuma zinakaza, mkia unanyanyuka, pua inainama, ndipo inasonga. Na ukitaka isimame? Hewani hakuna breki. Lazima ilale upande wa pili, isukume nyuma mpaka mwendo uishe. Ikiwa mwendo ni mkali, huko kusimama kunakula mita kadhaa, na ukuta haukungojei.

Yote hayo mnafanyiwa. Ninyi mnasukuma kijiti cha rimoti, wale wanne wanahangaika. Basi swali langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: siku mmoja wao akiachia mkono, wewe utafanya nini?

Niwaambie mimi nilifanya nini.

Droni yangu ya kwanza iliruka dakika nne. Dakika nne, wenzangu, kutoka kwenye boksi hadi kwenye mti. Nilisoma ukurasa mmoja wa kijitabu, nikatoka uwanjani, nikabonyeza kitufe cha kupaa. Ikapaa yenyewe, ikasimama usawa wa kifua. Nikaachia vijiti vyote viwili. Haikutikisika. Nikajiambia, kumbe ndiyo hii? Dakika ya kwanza nilikuwa mwanafunzi. Dakika ya tatu nilikuwa rubani. Nikaipeleka hadi ng'ambo ya uwanja, nikaigeuza inielekee ili nijipige picha ya video nikiwa nimesimama kishujaa, mkono kiunoni. Ikaanza kunijia. Upande wangu wa kushoto palikuwa na mti mkubwa, na nikaona inaukaribia. Nikasukuma kijiti kulia niikwepeshe.

Ikaenda kushoto.

Nikasukuma kulia zaidi. Ikaenda kushoto zaidi, sasa kwa haraka. Mlio wa propela zikikata majani sijausahau: ulikuwa kama mtu anayechana daftari kwa hasira, ukurasa baada ya ukurasa. Halafu kimya. Halafu ikaanza kushuka kwa awamu, tawi hadi tawi, kila nikidhani imenasa inateleza tena, mpaka ikaja kulala miguuni kwangu. Propela moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, karibu kabisa na kitovu chake. Tatu nyingine zimepakwa utomvu wa kijani. Kamera ilikuwa bado inarekodi. Video ninayo, na sitawaonyesha.

Mmeshagundua kosa? Ukitazamana na mtu, kuume kwake ni kushoto kwako. Kila mtu analijua hilo kwa kichwa. Mimi pia nililijua kwa kichwa. Vidole ndivyo havikujua. Na angalieni jambo linaloniuma hadi leo: siku ile wale wanne walikuwa wote kazini, hakuna aliyeachia. Ningeviachia tu vijiti, droni ingejisimamisha yenyewe. Kilichouangusha ule mtambo ni kidole gumba changu cha kulia, kilichokuwa kinaminya kwa bidii zote kuelekea makosani.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalompa anayeanza ni la kuachia. Ndiyo, kuachia. Irushe polepole usawa wa kichwa, na mwenzako aliyesimama nyuma yako apige kofi bila kukuarifu. Ukisikia kofi, vidole juu. Mara ya kwanza utaminya badala ya kuachia. Mwili wa binadamu ukishtuka hukunja ngumi. Rudia mpaka kofi likipigwa vidole vinyanyuke vyenyewe.

Zoezi la pili ni mkia. Weka droni mbele yako, mkia ukikuelekea, ili kuume kwake kuwe kuume kwako. Ipandishe, itulize, itue. Tena. Tena. Linachosha, najua, mtoto wa miaka tisa ataona unapoteza muda. Halafu igeuze robo, ikuonyeshe ubavu, uifanye itembee mbele na nyuma huku wewe ukiiona inakwenda kulia na kushoto. Halafu ubavu wa pili. Ukimaliza betri mbili namna hiyo, ndipo uigeuze pua ikutazame, na hapo nina siri ndogo niliyofundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akirusha helikopta za kuchezea kabla wengi wenu hamjazaliwa. Aliniambia: "Mwanangu, usifikirie kulia wala kushoto. Tazama bawa linaloinama, kisha liwekee mkono chini." Maana yake ni hii: droni imekuelekea, unaona imelala upande wako wa kushoto na inakwenda huko, sukuma kijiti kushoto, kama vile unaweka gogo chini ya ukuta unaoanguka. Itanyanyuka. Akili yako itakukatalia. Ijaribu.

Vijiti vyenyewe navyo vinahitaji adabu. Kwa mpangilio wanaotumia wengi, cha kushoto hupandisha, hushusha na kugeuza pua; cha kulia hupeleka mbele, nyuma na pembeni. Wengine hutumia ncha ya kidole gumba, wengine hushika kijiti kwa gumba na shahada kama wanaopima chumvi. Mimi nilianza na gumba, nikahamia kwa vidole viwili mwaka wa pili, na sijarudi. Anayewaambia kuna njia moja tu sahihi, mwacheni aendelee na mahubiri yake.

Haya. Vidole vimeshajifunza. Sasa turudi kwa wale wanne. Je, kweli huwa wanaachia? Huwa wanaachia, ndugu zangu. Na hawaagi.

Rafiki yangu mmoja, mpiga picha mzuri kuliko mimi (nimewahi kumwambia, kwa hiyo si siri), aliirusha droni yake kutoka kwenye mashua. Ilipaa vizuri, ikapiga picha nzuri, mashua ikiendelea na safari. Betri ikafika asilimia 30. Nilikuwa nimekaa naye. Nikamwambia, "Bonyeza kitufe cha kurudi nyumbani." Akasema, "Nimeshabonyeza." Nikauliza, "Mbona inakwenda kule?" Akatazama kioo, akatazama mbingu, akasema kwa sauti ndogo, "Inakwenda nyumbani."

Mmeelewa? Kwa droni ya aina ile, nyumbani hapakuwa pale alipo mwenyewe. Nyumbani palikuwa pale ilipopaa. Na pale ilipopaa, dakika kumi na tano zilizopita, sasa palikuwa maji matupu. Yule wa setilaiti alikuwa anafanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa. Rafiki yangu angeweza kuifuta amri ile kwa kubonyeza mara moja na kuichukua droni kwa mikono yake, lakini hakuwahi kujizoeza, na kitufe cha kufuta alikuwa anakitafuta huku miwani imejaa matone. Ikashuka taratibu, kwa heshima zote, ikatua juu ya maji kama bata. Tofauti yake na bata ni kwamba bata huelea.

Kwa hiyo kabla hujapaa, simama. Subiri mpaka programu ikuambie imepata setilaiti za kutosha na imeandika mahali pa nyumbani. Ukipaa kabla, inaweza kupaandika ikiwa tayari iko juu ya paa la mtu. Kisha tazama kimo cha kurudi. Droni ikiitwa nyumbani, kwa kawaida hupanda kwanza hadi kimo ulichokiweka, halafu hunyoosha moja kwa moja. Ikiwa umeweka mita 30 na katikati pana mnara wa mita 45, mnajua watakutana wapi. Tafuta kilicho kirefu kuliko vyote hapo ulipo, weka juu yake. Hilo halikuchukui hata dakika moja.

Na yule mwenye jicho tumboni? Hapa nina kisa ninachokipenda mno, kwa sababu hakikutokea hapa duniani. Tarehe 19 Aprili 2021, helikopta ndogo ya NASA iitwayo Ingenuity ilipaa kwenye sayari ya Mirihi. Kilikuwa chombo cha kwanza kuruka kwa injini na kuongozwa kwenye sayari nyingine. Fikirieni hali yake. Mawimbi ya redio kutoka huku hadi kule yanachukua dakika kadhaa, kwa hiyo hakuna binadamu aliyeweza kushika vijiti. Setilaiti za kuonyesha mahali, hakuna. Dira haina maana, kwa sababu Mirihi haina usumaku wa sayari nzima kama wetu. Katika wale wanne walibaki wawili: wa mwinamo na mwenye jicho. Basi! Na kwa hao wawili, chombo kilichopangiwa safari 5 kiliruka safari 72.

Safari ya 72 ilikuwa tarehe 18 Januari 2024. Kilikuwa juu ya matuta ya mchanga laini, mchanga mtupu, hauna jiwe la kushika macho. Jicho lile hufanya kazi kwa kutafuta alama: kokoto hii ilikuwa hapa, sasa iko pale, kumbe tumesogea. Pasipo alama, jicho linapofuka ingawa liko wazi. Waliochunguza walihitimisha kwamba, kwa dalili zote, hicho ndicho kilichotokea: kilipoteza hesabu ya mwendo wake, kikatua vibaya, mapanga yakavunjika, na hakikuruka tena.

Sasa wewe unapoishusha droni yako mita moja juu ya ziwa lililotulia ili upate ile picha ya kioo, unadhani jicho lake linaona nini? Mchanga wa Mirihi. Maji matulivu, theluji, sakafu nyeupe inayong'aa, giza, yote ni hayohayo. Ukiwa nje na setilaiti zipo, utaponea kwa yule wa pili. Ukiwa chini ya daraja au ndani ya jengo ambako setilaiti hazisikiki, wawili wameachia kwa mpigo. Na hapo ile dawa yangu ya kuachia vijiti haifanyi kazi tena. Ukiachia, droni itabaki sawa bila kuinama, lakini itapelekwa na upepo kama kipande cha gazeti. Hapo lazima uirushe. Kwa mikono yako.

Dira nitaipitia haraka. Haipendi chuma. Niliwahi kupaa kutoka juu ya paa la zege, nondo zimejaa chini ya miguu yangu, na programu ikaniandikia onyo nikalifuta kama mtu anayefukuza nzi. Ilipofika juu ikaanza kuzunguka, duara dogo, duara kubwa, kubwa zaidi, kama maji yanayozama kwenye tundu la sinki. Anayesema tuko wapi na anayesema tumeelekea wapi walikuwa wanabishana, na kila mmoja anavuta upande wake. Nikaishusha nikijuta, magoti yanacheza. Usipae juu ya boneti la gari, usipae juu ya kifuniko cha chuma, na onyo likitokea lisome.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mithali hii sijui waliotunga walikuwa wanafikiria nini, lakini ingechapishwa kwenye kila boksi la betri.

Asubuhi moja nilisimama kwenye uwanda wazi, nikasikia upepo kidogo kisogoni, wa kupendeza. Nikaituma droni mbele. Ilikwenda kwa raha, nikashangaa inavyokimbia leo. Mita 300, 500, 900. Betri asilimia 44. Nikapiga picha zangu, nikaigeuza, nikasukuma kijiti mbele hadi mwisho. Nikatazama namba ya umbali: 896. Nikangoja. 889. Nikangoja. 885. Betri 39. Jamani, ule upepo mtamu wa kisogoni, kule juu ulikuwa umekomaa, na sasa ulikuwa usoni mwa droni. Ile mbio iliyonifurahisha wakati wa kwenda haikuwa yangu. Nilikopeshwa, na sasa nadaiwa.

Kilichoniokoa ni kitu kimoja tu nilichokuwa nakijua: karibu na ardhi upepo hupungua, kwa sababu miti, vichaka na mabonde vinaukwaza. Nikaishusha hadi mita 15, nikaweka mwendo wa kasi ambao huiruhusu kulala zaidi. Sitawaficha: kwenye droni nyingi ukiweka mwendo huo vihisi vya kukwepa vikwazo hulala usingizi, kwa hiyo nilikuwa napunguza hatari moja kwa kukaribisha nyingine. Namba zikaanza kushuka. 700. 520. Betri 15. 340. Nikiwa nimebakiwa na asilimia 7 nikachagua kichaka kisicho na miba mingi, nikaitua mwenyewe kabla haijaamua yenyewe. Nilitembea nusu saa nikiisikiliza inalia kama kifaranga.

Tangu siku ile sina mjadala: nakwenda kwanza kuelekea upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi upepo unisukume. Na inapofika asilimia 30 niwe nimeshakaribia kutua, maana asilimia za betri si sawa kwa sawa. Betri hizi za lithiamu, kila seli ikijaa kwa kawaida inakuwa na volti 4.2 au kuzidi kidogo, na hushuka polepole sana kwa muda mrefu, halafu mwishoni huporomoka. Kumi ya mwisho haidumu kama kumi ya kwanza. Kwenye baridi ni mbaya zaidi. Ipashe moto mfukoni kabla ya kuruka. Usiihifadhi ikiwa imejaa wiki nzima kabatini, iache nusu au kuzidi kidogo. Na ikivimba, hata kama inawaka, hata kama imebaki hiyo moja na picha ni ya leo, usiitumie.

Na mnaposhuka, msishuke wima kwa kasi. Propela zinasukuma hewa chini. Ukishuka moja kwa moja unaingia kwenye hewa yako mwenyewe iliyovurugika, mapanga hayapati cha kushika, na droni inayumba kama mlevi kwenye ngazi. Shuka ukienda mbele kidogo, au ukizunguka.

Mtaniuliza, na picha je? Si ni kamera hii? Ni kamera. Lakini picha nzuri ya droni ni mrusho mzuri uliorekodiwa. Kijiti kimoja kwa wakati mmoja, polepole, sekunde kumi bila kubadili mawazo. Mengine ya filta na kasi ya shata tutayafanya siku nyingine.

Nataka kuzungumza juu ya walio chini.

Tarehe 22 Desemba 2015, huko Madonna di Campiglio, Italia, bingwa wa kuteleza kwenye theluji Marcel Hirscher alikuwa anashuka mlima usiku katika mashindano ya Kombe la Dunia la mchezo huo. Nyuma yake, karibu kabisa na visigino vyake, droni kubwa ya kamera ikaanguka na kupasuka vipande. Yeye akaendelea hadi mwisho na kushika nafasi ya pili. Kamera ile haikuwa mikononi mwa mwanafunzi wa dakika nne kama mimi. Ilikuwa kazini, kwenye matangazo ya televisheni. Baada ya hapo droni zikapigwa marufuku kwenye mashindano hayo.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 2018, uwanja wa ndege wa Gatwick nchini Uingereza ulifungwa na kufunguliwa na kufungwa tena kwa sababu watu waliripoti kuona droni karibu na njia ya kurukia. Safari kama 1,000 zilivurugika, abiria wapatao 140,000 wakakwama. Mpaka leo mhusika hajapatikana. Ripoti tu za kuonekana, na uwanja mzima umesimama. Ndiyo maana nchi nyingi zimeweka sheria zinazofanana: usipande zaidi ya mita 120 hivi, iwe machoni pako muda wote, usipite juu ya mkusanyiko wa watu, kaa mbali na viwanja vya ndege, jisajili. Na ndiyo maana droni nyingi ndogo zina uzito wa gramu 249: sehemu nyingi masharti hukaza kuanzia gramu 250. Kulegea kwa masharti si kufutwa kwake. Soma ya mamlaka ya anga ya nchi unayorusha, si ya nchi ya mtu uliyemwona kwenye video.

Lakini sheria iliyonifundisha zaidi sikuisoma mahali. Nilikuwa narusha kando ya nyumba za watu, nikaona mama mmoja mtu mzima ametoka nje, mkono juu ya nyusi, anatazama juu. Kisha anatazama kushoto, kulia, akaniona. Nikaitua haraka, nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kidude kinanitazama mimi?"

Nikamwambia hapana mama, napiga picha ya mto. Akanyoosha mkono. Nikampa rimoti na simu iliyounganishwa nayo, nikarudisha video nyuma. Mto ulikuwepo, kweli. Na pembeni, kwa sekunde nne nzima, ua wake, kamba yake, nguo zake. Akasogeza uso kwenye kioo.

"Mpaka foronya zangu unazihesabu," akasema.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwambia hapana kwa moyo mweupe, na hapana yangu ilikuwa ya uongo. Akasema, "Futa." Nikafuta mbele yake. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kama kinaweza kutazama paa lake, kwa sababu mvua inaingia chumbani na hajui ni wapi, na fundi anamzungusha. Tukapaa pamoja, yeye ameshikilia simu. Lilikuwa bati la tatu kutoka mwisho, kona yake imefunuka kama ukurasa uliokunjwa. Picha ile ndiyo aliyoniomba nisiifute.

Sasa naona jua linashuka na mmekaa vya kutosha. Tutoke nje. Nimechora mraba kwa vikopo vinne pale kwenye nyasi, na nina vidroni vitatu vya kukaa kiganjani. Havina setilaiti, havina dira, havina jicho. Wa mwinamo peke yake ndiye aliyebaki. Ukiachia vijiti vitakwenda na upepo, na leo upepo upo, ndivyo nilivyotaka. Mkia ukuelekee, kikopo hadi kikopo, mwenzako nyuma na makofi yake. Propela ni laini, na za akiba ninazo mfuko mzima.

Tunaanza na ninyi wa mlangoni.